Kitunguu kikivuka Namanga: shilingi mbili, vipimo vinne, sufuria moja

Asubuhi pale Namanga, mama aliyetoka upande wa Kenya huuliza bei ya vitunguu kwa shilingi za Kenya, hujibiwa kwa shilingi za Tanzania, hupiga hesabu kichwani, kisha hutoa simu na kuhesabu tena. Muuzaji naye anahesabu upya kwa vidole. Hatimaye wanakubaliana, fedha zinabadilisha mikono, na kila mmoja anaondoka akiamini kwamba mwenzake ndiye aliyepunjika. Mara nyingi wamepunjika wote wawili, na aliyefaidi hayupo hapo.

Kitunguu ni mahali pazuri pa kuanzia mtu anapotaka kujua kwa nini kikapu cha jikoni kinapanda bei. Hakuna mchuzi usiokihitaji. Tajiri anakinunua kwa kilo, maskini kwa kimoja kimoja, na mwenye kibanda cha chipsi hawezi kufungua asubuhi bila hicho. Nairobi hula vitunguu vingi vinavyotoka Tanzania, hususan vile vyekundu vya Mang'ola, bonde la umwagiliaji lililo kando ya Ziwa Eyasi wilayani Karatu. Kutoka huko mzigo hupanda hadi Karatu, hushuka Mto wa Mbu, hupita Makuyuni na Arusha, kisha huchukua barabara ya Longido hadi mpakani, kilomita 110 hivi kutoka Arusha mjini. Ukishavuka, umebakiwa na kilomita 160 na ushee kufika Nairobi, katika Soko la Wakulima ambalo wenyeji huliita Marikiti.

Ni safari ya siku moja kwa lori zima. Lakini katika siku hiyo moja kitunguu hubadilisha kipimo mara nne.

Shambani Mang'ola kinauzwa kwa gunia. Sokoni Arusha, anayenunua kidogo hupimiwa kwa debe au kwa sado, ile ndoo ndogo ya plastiki ya lita 4 ambayo kila genge la Tanzania inayo. Kikivuka Namanga kinaingia katika nyavu na kilo. Na kikifika kwa mama mboga wa Kayole au Kitengela kinakuwa fungu: vitatu vidogo, au viwili na kingine kidogo cha kuongezea ili mteja arudi kesho.

Kila kipimo kina mwanya wake. Sado iliyopigwa chini ili vitunguu vishikane si sawa na sado iliyojazwa kwa mkono mwepesi. Sado yenye kitako kilichobonyezwa ndani kwa moto (na ziko nyingi, tusidanganyane) humnyima mnunuzi kitunguu kimoja au viwili kila inapomiminwa. Mwenye kununua sado moja hatahisi. Mwenye kununua sado ishirini ameacha sokoni chakula cha jioni cha familia.

Lumbesa, mzigo wa nani?

Kwenye gunia ndipo penye fedha kubwa. Sheria ya vipimo ya Tanzania inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Kila mwenye kusafiri barabara ya Iringa au ya Arusha ameyaona magunia yenye kilemba, yaliyoshonewa nyavu au kamba juu hadi yakafanana na mtu aliyejitwisha mtungi. Hiyo ndiyo lumbesa. Kenya nayo ina ugonjwa huo huo upande wa viazi. Kanuni zake za mwaka 2019 ziliweka kilo 50 kuwa ukomo wa gunia la viazi.

Tuchukue mfano, na tarakimu hizi ni za kufanyia hesabu tu. Gunia la kilo 100 linauzwa shilingi 100,000 za Tanzania. Dalali anamwambia mkulima: weka kilemba, nitakupa 120,000. Mkulima anaona ameongezewa 20,000. Lakini gunia lile sasa lina kilo 130. Bei ya kilo imeshuka kutoka 1,000 hadi takribani 923, na mkulima amekubali kushushwa bei huku akishukuru. Mpagazi atakayelibeba atalipwa ujira wa gunia moja, ingawa mgongo wake umebeba gunia moja na theluthi. Halmashauri inayotoza ushuru kwa kuhesabu magunia nayo imepoteza.

Msomaji anayevuka mpaka anaweza kusema: vizuri, mimi ndiye mnunuzi, lumbesa inanifaa. Inakufaa pale unaponunua. Ukifika mpakani, mzigo unaoandikwa kwa idadi ya magunia huku mzani ukisema vingine ni mzigo unaokuweka mikononi mwa kila mwenye kofia. Kisha kitunguu kilichobanwa kwa kamba katika kilemba ndicho kinachochubuka kwanza na kuoza kwanza, na kimoja kikioza ndani ya gunia lililobanwa, vya jirani yake vinafuata. Wazoefu wa Marikiti wanalijua hili; hulipasua gunia kutokea juu, si kutokea chini.

Mahindi yana mtego wa aina nyingine, nami niliuingia kwa miguu yangu miwili nilipokuwa bado nafanya biashara kabla sijashika kalamu. Nilipigiwa simu kutoka ng'ambo, nikapewa bei ya gunia, nikalinganisha na bei ya gunia upande niliokuwapo, nikaona kuna faida, nikatuma fedha. Sikuuliza gunia la kilo ngapi. Kenya, gunia la mahindi linapotajwa kwenye redio au sokoni, ni kilo 90. Tanzania gunia ni kilo 100. Tofauti ya kilo 10 kwa kila gunia, ukiizidisha kwa magunia 40, ni kilo 400, yaani zaidi ya magunia manne ya Kenya. Faida yangu yote ilikuwa humo ndani. Sikumlaumu mtu. Aliyeniuzia hakusema uongo hata neno moja.

Unga una mtego huo huo kwa udogo. Mkenya akisema unga umepanda, anataja bei ya pakiti ya kilo 2. Mtanzania akisema sembe imepanda, anataja kilo moja. Nimewahi kuwasikia watu wawili wakibishana ndani ya basi juu ya nchi ipi ina maisha magumu, na kila mmoja alikuwa na bei yake sahihi kabisa, ila mmoja alikuwa na pakiti kubwa. Kwa wale wanaonunua kwa gorogoro, ule mkebe wa kilo 2 unaotumika Kenya kupimia mahindi na maharage, ulinganisho unarudi tena kwenye sado, na sado na gorogoro hazifanani.

Shilingi na shilingi

Hadi mwaka 1966 mama wa Namanga asingekuwa na hesabu hii ya kichwani. Shilingi ilikuwa moja kwa Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka huo kila nchi ilianzisha benki kuu yake na noti zake, na mwanzoni shilingi moja ya huku ilikuwa sawa na shilingi moja ya kule. Leo shilingi moja ya Kenya hununua shilingi nyingi za Tanzania, na idadi yake haitulii.

Nadhani hapa ndipo sehemu kubwa ya mabadiliko ya bei za jikoni ilipojificha katika miaka ya karibuni, kuliko kwenye mvua na kuliko kwenye madalali. Chukua kipindi cha Januari 2024. Shilingi ya Kenya ilikuwa imedhoofika hadi dola moja ikauzwa kwa takribani shilingi 160. Ya Tanzania ilikuwa karibu 2,500 kwa dola. Maana yake shilingi moja ya Kenya ilinunua chini kidogo ya shilingi 16 za Tanzania. Miezi michache baadaye shilingi ya Kenya ikapata nguvu, dola ikashuka hadi karibu 130, huku ya Tanzania ikiendelea kuteleza. Kufikia katikati ya mwaka shilingi moja ya Kenya ilikuwa inanunua 20 za Tanzania.

Weka hesabu hiyo kwenye vitunguu. Mfanyabiashara ananunua kilo 1,000 kwa shilingi 1,000 za Tanzania kila moja. Ongeza usafiri, kupakia, kushusha na ushuru wa hapa na pale, tuseme 150,000. Jumla ni 1,150,000. Kwa kiwango cha 16, anahitaji shilingi 71,875 za Kenya. Kwa kiwango cha 20, mzigo ule ule, kutoka shamba lile lile, unamgharimu 57,500. Kama kilo 80 zimeharibika njiani na zimebaki 920 za kuuza, kilo moja imemgharimu 78 katika hali ya kwanza na 62 na senti 50 katika hali ya pili. Hiyo ni tofauti ya zaidi ya shilingi 15 kwa kilo kabla hajaweka senti ya faida. Mama mboga hajui habari za dola. Anachojua ni kwamba fungu la vitatu limekuwa la viwili.

Na upande wa pili wa daraja mambo huenda kinyume. Shilingi ya Kenya inapopata nguvu, wanunuzi wa Kenya wanamiminika mashambani Tanzania, na mlaji wa Arusha au Moshi anaanza kulalamika kwamba vitunguu vyake vinakwenda Nairobi. Analalamika kwa haki. Sufuria yake inashindana na sufuria yenye shilingi nzito zaidi.

Halafu kuna wabadilishaji wa fedha, wale wenye mabunda mkononi wanaokufuata hata kabla hujashuka garini. Tuseme ananunua shilingi ya Kenya kwa 19.5 na kuiuza kwa 20.3. Tofauti inaonekana ndogo kama punje. Lakini ukimpa shilingi 100,000 za Kenya asubuhi anakupa 1,950,000 za Tanzania. Ukighairi mchana na kuzirudisha, utapata 96,000 na kidogo. Karibu 3,900 zimebaki kwake bila yeye kubeba hata kitunguu kimoja. Ndiyo maana wafanyabiashara wa siku nyingi hawarudi na fedha. Hurudi na bidhaa. Aliyeuza vitunguu Kenya huvuka kurudi na sabuni, vyombo vya plastiki au mafuta ya kupikia, ili shilingi yake ya Kenya iishie hukohuko. Siku hizi pia kutuma kwa simu kutoka upande mmoja kwenda mwingine kunawezekana, na kiwango huonekana kwenye skrini kabla hujabonyeza. Kilinganishe na cha mwenye bunda. Wakati mwingine mwenye bunda anashinda.

Karatasi inayodharauliwa

Kituo cha pamoja cha Namanga, ambapo maofisa wa nchi mbili hukaa chini ya paa moja, kilizinduliwa na marais wa Kenya na Tanzania Desemba 2018. Kile cha Busia kati ya Kenya na Uganda kilizinduliwa Februari mwaka huo huo. Majengo ni mazuri. Lakini ukikaa nje saa moja utaona wanawake wenye mizigo ya kichwani wakipita mbali nayo, kwenye njia za panya, na bodaboda wakivusha magunia mawili mawili.

Wengi wao wanakimbia ushuru ambao hawadaiwi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu rahisi wa biashara kwa ajili ya watu wa aina hiyo hiyo. Kama mzigo wako hauzidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, na bidhaa imelimwa au kutengenezwa ndani ya nchi za Jumuiya, na imo katika orodha iliyokubaliwa, unapewa cheti rahisi cha uasili wa bidhaa hapo hapo mpakani, na hulipi ushuru wa forodha. Kwa kiwango cha shilingi 2,500 kwa dola, 2,000 ni milioni 5 za Tanzania. Kwa bei ya mfano wetu hayo ni magunia 50 ya vitunguu. Ni wachache sana kati ya wanaopita njia za panya wenye magunia 50.

Njia ya panya nayo haina bure. Bodaboda analipwa, anayelinda kichochoro analipwa, na mzigo ukikamatwa umekwenda wote. Jumlisha hizo na ugawe kwa kilo. Mara nyingi utakuta njia iliyonyooka ni nafuu zaidi.

Lakini tusiipambe karatasi hiyo kuliko ilivyo. Haiondoi kodi za ndani za nchi unayoingia. Haiondoi cheti cha afya ya mimea, ambacho upande wa Tanzania hutolewa na mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, TPHPA, na upande wa Kenya hukaguliwa na KEPHIS. Kwa mwenye lori, gharama ya vyeti inagawanyika katika magunia mengi na haionekani. Kwa mwenye magunia matatu, nusu siku ya kusubiri ofisa mmoja na nusu siku ya kusubiri mwingine ni nyanya zinazolainika na mtoto aliyeachwa kwa jirani. Wanaobuni taratibu hizi huhesabu ada. Saa za kusubiri hawazihesabu, na saa hizo ndizo zinazomrudisha mama kwenye kichochoro.

Na kuna siku karatasi zote hazisaidii. Machi 5, 2021, Kenya ilisimamisha uingizaji wa mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Malori yalisimama mpakani. Baada ya siku chache zuio likaondolewa kwa masharti: waagizaji wasajiliwe, na kila mzigo uwe na cheti kinachoonyesha kwamba kiwango cha sumukuvu hakizidi sehemu 10 kwa bilioni. Sumukuvu ni hatari ya kweli, inaua, na hakuna mwenye akili anayetaka kumlisha mwanawe. Lakini zuio liliingia bila onyo kwa mtu ambaye mzigo wake ulikuwa tayari barabarani, na siku zile chache zilitosha kumaliza mtaji wa mtu mdogo. Gatuna ilikuwa mbaya zaidi: mpaka huo wa Rwanda na Uganda ulifungwa Februari 2019 na kufunguliwa tena Januari 31, 2022. Karibu miaka mitatu. Mwenye kuuza mboga Kabale na mwenye kununua Gicumbi walilazimika kutafuta kazi nyingine.

Vinavyotoka mbali

Si kila kilichomo jikoni kinaamuliwa Namanga au Busia. Mafuta ya kupikia ya bei nafuu katika maduka yetu hutokana zaidi na mawese ya Indonesia na Malaysia. Aprili 28, 2022 Indonesia ilizuia kuuza mawese nje, zuio lililodumu hadi Mei 23, na hilo lilitokea wakati vita vya Ukraine vilikuwa tayari vimekata mafuta ya alizeti. Mafuta ya kupima yalipanda kila mji wa Afrika Mashariki, na wakulima wa alizeti wa Singida na Dodoma walitafutwa kama mahari. Julai 2023 ikawa zamu ya mchele, India ilipozuia kuuza nje mchele mweupe wa kawaida. Aliyekuwa na mpunga wa Mbeya au Kahama ghalani alipokea simu kutoka nchi ambazo hakuwa na mteja.

Kwa anayevuka mpaka, habari kama hizo zina thamani kuliko bei ya jana ya sokoni. Meli huchukua wiki nyingi kufika Mombasa au Dar es Salaam, lakini bei ya dukani haisubiri meli. Hupanda siku tangazo linaposikika, kwa bidhaa iliyokwisha kulipiwa kwa bei ya zamani. Kushuka kwake ndiko kunakosubiri meli.

Vitunguu angalau viko karibu, na vinatoa ishara zake mapema. Masika yakikolea, barabara za mashambani zinateleza, kitunguu kinashika unyevu na kuoza ghalani, na bei hupanda pande zote mbili. Mavuno ya kiangazi yakifunguka, inashuka haraka hata kumtia hasara aliyehifadhi. Mwenye duka la Kajiado anayenunua nyavu kumi kila wiki hana uwezo wa kubadilisha mvua wala kiwango cha dola. Ana uwezo wa kununua mzani wa kuning'iniza, ule wenye ndoano, na kupima kila mzigo mbele ya aliyemletea.

Wiki iliyopita nilimwona mmoja akifanya hivyo upande wa Tanzania wa mpaka. Muuzaji alinuna, akasema miaka yote wamepimana kwa sado na hakuna aliyekufa. Mama hakumjibu. Aliandika kilo kwenye daftari, akagawa, akataja bei mpya, akasubiri. Walipatana kwa shilingi 50 chini ya bei ya mwanzo kwa kila kilo. Kisha akaninong'oneza nimwonyeshe dirisha la cheti cha uasili liko wapi, kwa sababu miaka minane amepita pale na hajawahi kuingia ndani.